Masika Mzee Besi Aliponyamaza

Jumatatu, 11 Machi

Daktari wa koo amemfunga mume wangu mdomo. Ana uvimbe kwenye nyuzi za sauti, na mpaka uishe haruhusiwi kusema, kunong'ona, kuimba, kukohoa kwa makusudi wala kucheka. Nikamwambia daktari asijali kuhusu kucheka, kwetu hacheki. Daktari naye hakucheka.

Mume wangu ndiye mtangazaji wa Kiti cha Jioni, kile kipindi cha saa moja ambacho mgeni anakalishwa mbele yake na kuulizwa habari za mila, historia au mambo yanayoendelea mjini. Wasikilizaji wanamwita Mzee Besi kwa sababu ya sauti yake nzito ya chini. Wanawake wa sokoni hunitazama kwa wivu. Wangejua! Mimi ni mpokea simu wa kipindi hicho hicho. Nakaa chumba cha pili nyuma ya kioo, naongea na wapigaji kabla hawajaingia hewani, halafu tunarudi nyumbani pamoja, anajitupa kwenye kochi na kusema, "Niache nipumzike, nimeongea kutwa." Hayo ndiyo maneno niliyoolewa nayo. Mji mzima unakula nyama, mimi naletewa mifupa.

Sasa hata mifupa imekwisha. Amenunua ubao mdogo mweupe na kalamu ya kufutika. Kugombana na mtu anayeandika ubaoni ni kazi bure, hasira inapoa kabla hajafika kwenye nukta. Ndiyo maana naandika hapa. Lazima nimwambie mtu.

12 Machi

Mvua ya kwanza. Bati linapiga kelele kwa niaba yetu wote.

Alhamisi, 14 Machi

Mkuu wa kituo alitaka kuleta kijana wa kipindi cha muziki ashike kiti kwa muda. Mume wangu akaandika neno moja ubaoni na kuusukuma mezani: YEYE. Kidole chake kikanielekea mimi.

Fundi mitambo akapiga makofi. "Shemeji! Kila aliyewahi kupiga simu hapa alianza na wewe. Wanakujua kuliko wanavyomjua kaka."

"Wananijua kwa kusema subiri kidogo," nikamjibu.

Mkuu wa kituo alinipima kwa macho kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili, maana nilikuwa nimevua viatu vilivyolowa. Akakubali, shingo upande. Mume wangu atakaa kando yangu na ubao. Yeye ataandika swali, mimi nitalisema. Yeye kichwa, mimi mdomo.

Nyumbani nikamwuliza kwa nini mimi. Akaandika: "Unajua mtu anataka kusema nini kabla hajasema." Nilisoma mara mbili. Miaka yote hiyo nilidhani haoni kitu upande wa pili wa kile kioo.

Ijumaa, 15 Machi

Mgeni wa kwanza alikuwa mchonga mawe ya makaburi. Bangili zangu zililia hadi maikrofoni ikazisikia, fundi akanionyesha kwa ishara nizivue. Ubao ukasema: "Jina gumu kuliko yote?" Nikauliza.

Mchonga mawe akaweka mikono mezani. Mikono yake ilikuwa myeupe kwa vumbi ambalo nadhani halitoki tena. Akasema, "Majina marefu si magumu. Gumu ni la mtoto ambaye hakuwahi kupewa jina. Mama anakuja, namwuliza niandike nini, ananitazama. Basi naandika 'mtoto wa', halafu naandika jina la mama. Na herufi zake nazifanya ndogo, kama saizi yake."

Ubao ukasema: "Ngoja." Kidogo nilisome kwa sauti! Nikajiuma ulimi. Tukangoja, na yule bwana akaongeza, polepole, kwamba kwa mawe hayo hatozi chochote na hajawahi kumwambia mkewe.

Nimefanya kazi nyuma ya kioo kile miaka na miaka nikidhani kipindi ni maneno. Leo niliona uso wa mtu maneno yakimtoka. Sijui nieleze vipi. Nilitamani kusimama kama wanavyosimama watu msiba ukipita.

19 Machi

Mtaro wa mbele ya nyumba umeziba. Binti yetu kavuka kwa kuweka viti viwili, anahamisha kimoja baada ya kingine. Jirani kampigia makofi.

Alhamisi, 21 Machi

Mgeni: mama aliyekuwa mwunganisha simu posta, enzi za waya na matundu. Alisema siku ile bendera ilipobadilishwa mji mzima ulikuwa barabarani, na ubao wake wa simu, ambao kila siku ulimeta taa, ukakaa giza. Akaogopa akidhani umeharibika. Kisha taa moja ikawaka. Mzee mmoja, kipofu, hakuweza kwenda uwanjani peke yake. Akamwuliza, "Mwanangu, wewe unaona dirishani. Niambie rangi zake." Naye akamsimulia mpaka watu walipoanza kurudi majumbani.

Wapigaji sita walitaka kujua jina la mzee yule. Hakuwahi kumwuliza. "Nilikuwa na haya," akasema, na sauti yake ikawa ya binti wa miaka ishirini.

25 Machi

Mvua. Mvua. Kesho diwani.

Jumanne, 26 Machi

Nimeharibu.

Diwani alikuja na suti na tai nyekundu kujibu habari za mitaro. Mimi nilikwisha kuota mabawa, nilijiona mtangazaji. Nikawa nasoma ubao bila hata kuutazama vizuri, jicho likitua tu mdomo unafunguka. Ubao: "Mitaro haijazibuliwa tangu masika yaliyopita, kwa nini?" Nikauliza. Diwani akashika tai yake, akaanza: wataalamu, mikakati, mchakato, tathmini. Ubao ukageuzwa tena, na mimi, mdomo wazi, mbele ya mji mzima, nikasoma kwa sauti safi kabisa:

"Huyu akishika tai anadanganya."

Diwani akautazama mkono wake. Ulikuwa kwenye tai. Mimi nikautazama mkono wake. Fundi mitambo akapotea chini ya meza yake, nikaona mabega tu yanaruka. Na mume wangu, yule asiyecheka, uso ulimvimba, machozi yakamtoka, akang'ang'ania ukingo wa meza kujizuia, na mwisho kitu kikamponyoka kooni. Hakikuwa kicheko. Kilikuwa mlio wa kitambaa kinachochanwa. Akashika shingo.

Nilitaka kukatisha kipindi. Lakini diwani, na hapa ndipo sikuamini masikio yangu, aliachia tai, akaifungua kabisa, akaiweka mezani. "Sijaenda kuiona hiyo mitaro," akasema. "Ndiyo ukweli. Nasaini ripoti zinazoletwa. Sijakanyaga kule tangu nichaguliwe."

Kisha tukapokea simu ya mama anayekaa bondeni. Nilitegemea matusi. Akasema tu, "Baba, njoo kesho saa tatu. Vaa viatu vya mpira. Nitakuonyesha mtoto wangu anapolala."

"Nitakuja," akasema diwani, na mikono yake ilikuwa imelala mezani.

Nilipaswa kufurahi. Lakini mume wangu alikuwa amekunja leso mfukoni haraka, nami nilikwisha kuliona tone la damu.

27 Machi

Diwani kaenda. Watu wamemwona na viatu vya mpira, maji magotini.

Sisi tulikuwa kwa daktari. Kile kicheko kimechana pale penye uvimbe. Sasa ni lazima apasuliwe, wiki hii. Nikamwuliza daktari, "Sauti itarudi?" Akanieleza mengi juu ya nyuzi na makovu. Nikarudia, "Itarudi?" Akasema, "Mama, sitakudanganya. Inaweza kurudi nyingine. Inaweza isirudi."

Njiani nililia kwa uchungu, kwa sababu ni mimi niliyemchekesha. Mume wangu akaandika ubaoni, mvua inafuta huku anaandika: "Nilikuwa sijacheka hivyo tangu lini? Usilie." Nikalia zaidi.

30 Machi

Kapasuliwa. Yuko salama. Haruhusiwi hata kumeza kwa nguvu.

Jumatano, 3 Aprili

Leo niliingia studio bila ubao. Kando yangu kiti kitupu. Mume wangu yuko wodini na redio ndogo ya binti. Fundi mitambo anapokea simu huku anaendesha mitambo, analalamika kwamba ana mikono miwili tu.

Mgeni alikuwa mwalimu mstaafu wa muziki, mama mfupi mwenye miwani ya kamba, anayekusanya nyimbo za kubembelezea watoto. Mume wangu angekuwa amekwisha kusoma kila kitu juu yake. Mimi nilikuwa na swali moja tu, nikalitoa: "Wewe uliimbiwa upi?"

Akaimba. Ulikuwa katika lugha ya bibi yake, ambayo siku hizi inajulikana na wazee wachache waliotawanyika. Akatufasiria: nyamaza mwanangu, nyamaza, majani yana masikio. Nyamaza, hata pumzi yako ifiche. Ni hivyo tu, nyamaza juu ya nyamaza, na sauti inapanda mwishoni na kubaki huko juu, haishuki.

"Umekatika," akasema. "Kila mwanamuziki atakwambia wimbo huu haujaisha. Bibi aliishia hapo kila siku. Nimeutafuta mwisho wake nusu ya maisha yangu."

Nikatazama pembeni kwa mazoea, hakuna ubao. Fundi akazungusha vidole, sema, sema kitu! Redioni kimya kinaogopwa kuliko moto, kikizidi kidogo unatakiwa kuweka muziki. Ndipo taa ya simu ikawaka.

Alikuwa dereva wa lori. Alisema amekwama upande wa pili wa daraja, maji yamepita juu, na madereva wote wamezima injini na kufungua redio. "Mama yangu aliuimba huo," akasema. "Lakini haukuishia hapo."

Mwalimu akashika meza. "Unaishia wapi, mwanangu?"

Dereva hakujibu. Tulisikia mvua juu ya lori lake. Tulisikia akimeza mate. Mkono wa fundi ulikuwa juu ya kitufe cha muziki, ananitazama, na mimi nikainua mkono wangu: acha. Namjua mtu anayekata simu na namjua mtu anayekusanya nguvu. Huyu alikuwa anakusanya nguvu. Nikaacha. Mji mzima ukasikiliza mvua.

Kisha akaimba. Sauti mbaya, ya mtu wa barabarani, na nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia. Akaupokea wimbo pale juu ulipoachwa, akaushusha ngazi kwa ngazi mpaka ukakaa chini. Mwalimu alifasiri akiwa ameshavua miwani:

"Wamepita, mwanangu, wamepita. Sasa lia. Lia mpaka ushibe."

Halafu dereva akaeleza, na nusu ya maneno sikuyasikia kwa sababu masikio yangu yalikuwa yanavuma. Zamani za vita watu walijificha porini na watoto mgongoni. Mtoto akilia, wote wamekwisha. Basi mama anaimba sehemu ya kwanza maadui wakiwa karibu, na ya pili wakishapita. "Bibi alimpoteza mtoto wake wa kwanza kule porini," mwalimu akasema. "Hakuwahi kutuambia ilikuwaje. Sasa najua. Hakuwahi kufika kwenye sehemu ya kulia."

Na akalia, hewani, mbele ya watu wote, mama wa miaka zaidi ya sabini, na hakuomba radhi. Dereva kule darajani akawa anaurudia taratibu, "lia, lia mpaka ushibe," kama vile anambeba. Taa zote za simu ziliwaka. Watu hawakutaka kuuliza chochote. Mmoja baada ya mwingine, fundi akiwaingiza tu bila hata kuwahoji, waliimba ule mwisho. Mama kutoka mpakani. Mlinzi wa ghala. Mzee ambaye alisema hajaitamka lugha hiyo tangu azikwe dada yake. Kila mmoja na kipande chake, na kila mmoja alidhani amebaki peke yake.

Nimeandika mpaka kidole kinauma na bado sijasema nilichokiona. Ninachoweza kusema ni kwamba niliogopa, ile hofu njema ya mtu aliyefunguliwa mlango wa chumba ambacho hakujua kiko nyumbani mwake.

4 Aprili

Muuguzi kaniambia jana wodi nzima ilizima gumzo. Mume wangu alilia bila mlio. Nilipofika akanishika mkono, hakuandika kitu.

9 Aprili

Amerudi nyumbani. Daraja bado limefungwa. Yule dereva kapiga tena, anauliza mwalimu anaendeleaje.

Ijumaa, 12 Aprili

Leo nilirudi nimechoka, kichwa kimejaa mgeni, mwanamke anayetafsiri mahakamani, ambaye kwa miaka amesema "mimi nilimwua" na "mimi sikumwua" kwa niaba ya wengine. Binti yetu akanifuata jikoni na habari ya rafiki yake na mwalimu wa hesabu. Nikasema, "Niache nipumzike, nimeongea kutwa."

Nikajisikia. Sufuria nusura inianguke. Mume wangu, mezani, aliinamisha kichwa kwenye magazeti, na masikio yake yalikuwa yanatabasamu, naapa.

Basi ndiyo hivyo. Sikuwa nanyimwa kitu kilichopo. Watu wanaingia kwenye kiti kile na kuacha mizigo yao mikononi mwako, na ukifika nyumbani mikono imejaa. Nimemchukia mtu kwa uchovu ambao mwezi mmoja tu umenishinda. Nilimrudia binti, nikamwomba anisimulie upya. Hata hivyo, nilisinzia kabla mwalimu wa hesabu hajafukuzwa darasani.

20 Aprili

Mvua imepungua. Uyoga umeota kwenye fremu ya dirisha la bafu.

Jumatatu, 29 Aprili

Daktari alimwambia aseme "aa". Tulishika pumzi, mimi na binti. Kikatoka kitu chembamba, cha mkwaruzo, mlango wa kabati unaohitaji mafuta. Besi haipo.

Daktari alifurahi. Kwake hiyo ni sauti. Akaeleza masharti: azungumze kidogo sana kila siku, na ataisikia mwenyewe inapokwisha. Ikishakwisha, imekwisha mpaka kesho. Akiilazimisha, atapoteza hata hii.

Njiani mume wangu alitembea nyuma yetu. Nadhani alikuwa anaiaga besi yake.

10 Mei

Jua siku tatu mfululizo. Mkuu wa kituo anatangaza kila saa: Ijumaa ijayo, Mzee Besi arudi! Nimemweleza kwamba sauti si ile. Akasema, "Hata akisema 'habari za jioni' tu, mama, inatosha. Watu wanamsubiri." Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Tangu apewe ruhusa hajatamka neno, anajitunzia siku hiyo.

Ijumaa, 17 Mei

Mchana tulikula mapema. Binti alikuwa shuleni. Nilisimama kutoa vyombo na nikasikia mtu nyuma yangu akisema, "Kaa."

Nikageuka nikitafuta nani kaingia. Ilikuwa yeye. Ile sauti nyembamba ya mkwaruzo, ambayo hakuna msikilizaji hata mmoja anayeijua. Nikakaa, sahani mkononi.

"Yule dereva," akasema. "Ulijuaje kumwacha?"

"Sikujua. Nilikosa la kusema."

"Mimi ningemkatiza." Akapumzika kidogo. "Halafu ulimwuliza yule mwalimu aliimbiwa upi."

"Nilikuwa sina swali jingine."

"Na wewe?" akauliza. "Wewe uliimbiwa upi?"

Nilimtazama mtu huyu. Amewauliza maswali mawaziri, wachonga mawe, wacheza ngoma, wafungwa waliotoka. Mimi, katika ndoa yetu yote, sikumbuki kuulizwa zaidi ya chumvi iko wapi. Nikasema mama yangu hakuimba, alikuwa anatuhesabia nguo za kufua, soksi, shati, shuka, mpaka tulale. Akataka kujua kwa nini nguo. Nikamwambia. Akataka kujua mikono ya mama ilikuwaje, nyumba ilinuka nini, nani alilala upande wa ukuta. Kila jibu akaliangalia kwanza, kama wanavyoniambia wageni kwamba huwaangalia, ndipo akauliza jingine. Nilisimulia mambo ambayo sikujua ninayo. Nililia na nikacheka humo humo.

Ghafla nikaitazama saa. "Bwana wee! Tunza sauti, kipindi!"

"Endelea," akasema. "Ulikuwa unasema kuhusu da..."

Ikaishia hapo. Midomo iliendelea, sauti haikuwepo. Akajaribu mara moja, akaacha, akafungua mikono yake juu ya meza. Ilikuwa tupu, na alikuwa anatabasamu.

Jioni studio ilijaa. Mkuu wa kituo amevaa koti. Nilipomwambia, alijishika kichwa kwa mikono miwili. Taa nyekundu ikawaka, nikasoma salamu, nikamtambulisha mgeni wetu, mchora ramani za mji, na kabla hata hajafungua mdomo simu ikaingia. Mwanamke, nyuma yake watoto na vyombo.

"Mama, wiki nzima tunaambiwa Mzee Besi anarudi. Yuko wapi?"

"Yuko hapa kando yangu."

"Basi mpe tumsikie!"

"Leo hana sauti, dada. Alikuwa nayo, ameitumia."

"He! Ameitumia wapi tena?"

Mume wangu alinitazama. Nyuma ya kioo mkuu wa kituo alikuwa anatikisa kichwa, usiseme, usiseme.

"Nyumbani," nikasema. "Ameimaliza yote nyumbani."

Kwa muda tukasikia watoto wake tu.

"Hongera, mama," akasema, na akakata simu.